Anajua mistari mingi, lakini hachezi na wenzake

"Shangazi, binti yangu ana miaka 4. Amekariri mistari mingi ya Biblia, na ibada yetu ya jioni huchukua karibu saa nzima. Lakini watoto wenzake wakija anajificha nyuma yangu, hawezi kufunga vifungo vya gauni lake, na akikosea mstari analia. Baba yake anasema michezo itamharibu. Nifanyeje?" – Mama Mwenye Wasiwasi

Mdogo wangu, pole, na umefanya vyema kuliona mapema.

Nianze na hayo machozi, maana ndiyo yaliyonigusa. Mtoto wa umri huo akilia kwa kukosea mstari, Neno limeshakuwa mtihani kwake. Acheni kwanza kumkaririsha. Msimulieni habari za Zakayo, kisha aigize mwenyewe: apande juu ya kiti, achungulie, aitwe, ashuke mbio. Akiongeza ya kwake kwenye hadithi, mwacheni aongeze. Ibada yake iwe dakika 10 hivi: wimbo, hadithi na sala kwa maneno yake, hata kama leo anamshukuru Mungu kwa ajili ya paka tu.

Kuhusu mumeo, usibishane naye. Someni pamoja Luka 2:52. Yesu aliendelea katika hekima na kimo, akimpendeza Mungu na wanadamu. Akili, mwili, roho na kuishi na watu, vyote vimo katika mstari huo mmoja. Mtoto anayekimbia na kuruka nje hajatoka katika malezi ya Kikristo. Na mwili wake unayahitaji hayo: mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri watoto wa miaka 3 na 4 wachangamshe mwili kwa angalau dakika 180 kwa siku, 60 kati ya hizo kwa michezo ya kuwatoa jasho, na walale saa 10 hadi 13. Kwa hiyo kama ibada ndefu inamchelewesha kulala, ifupisheni bila kujilaumu.

Wenzake usimletee kundi zima. Alika mtoto mmoja, uwape mchanga na vikopo, ukae karibu bila kuongoza mchezo. Wakigombania kikopo, subiri kidogo kabla ya kuamua. Kusamehe na kupokezana anakosikia kwenye ibada, hapo ndipo anakofanyia mazoezi.

Vifungo ni jambo dogo. Funga vyote, umwachie kimoja. Kipenyeze nusu kwenye tundu, avute yeye. Akikiweza hicho, mwachie viwili. Usimfungie kwa sababu tu mmechelewa kutoka, amka mapema kidogo.

Ila akiendelea kuwakwepa hata watoto aliowazoea, au akianza kushindwa mambo aliyokuwa akiyaweza, mpeleke kwa daktari wa watoto. Maombi yaendelee, lakini miadi ya daktari usiiahirishe.