Laktomita ilinifundisha kemia kabla ya mwalimu

Juzi nimepokea ujumbe wa binti wa kidato cha kwanza, yuko Sanya Juu: "Shikamoo mwalimu. Nimepata 21 kemia. Naomba mbinu za kukariri mada ya maada." Nikacheka, kisha nikanyamaza. Mimi nilipata 14.

Maana ya maada niliitamka kwa Kiingereza bila kupumua: kitu chochote chenye tungamo na kinachochukua nafasi. Mwalimu akauliza, "Hewa je, ni maada?" Nikajibu hapana. Darasa likaangua kicheko, naye akaniambia nirudi nikauze maziwa na mama yangu. Kidato cha nne nilipata A, na leo nafundisha tuisheni ya kemia hapa Majengo, Moshi, lakini maneno yale bado nayasikia. Mwalimu, kama unasoma hapa, ada ililipwa na maziwa hayohayo.

Na jibu nilikuwa nalo nyumbani. Kila alfajiri nilishuka kutoka Kibosho na dumu la lita tano hadi kituo cha kukusanyia maziwa. Mpokeaji anamimina kidogo kwenye silinda, anadumbukiza laktomita, kile kijiti cha kioo chenye tumbo chini, anainama kusoma. Siku moja nilijikwaa, karibu lita nzima ikamwagika. Nikajazia maji ya mfereji. Kwa macho, maziwa yalikuwa maziwa. Laktomita ikazama ikapita alama. Mpokeaji hakusema kitu, akanirudishia dumu langu. Mama ndiye aliyesema, na hakutumia mdomo.

Sentimita moja ya ujazo ya maziwa halisi ina gramu 1.03 hivi, ya maji ina gramu 1. Ukichanganya, densiti inashuka kuelekea ya maji, na laktomita lazima izame zaidi ndipo ielee. Densiti ni hiyo tu: tungamo gawanya kwa ujazo. Wenzangu waliisoma ubaoni, mimi niliisoma mgongoni.

Baadaye nikajua kwamba wajanja huengua krimu kwanza. Krimu ni nyepesi, kwa hiyo ukiitoa, densiti ya maziwa yanayobaki inapanda. Ukiongeza maji kwa kipimo inarudi palepale, laktomita inadanganyika. Ndiyo maana tabia moja haitoshi kuitambua dutu. Wanafunzi wangu wengi wanaangukia hapo hapo: kaona rangi, kaandika jibu, kafunga daftari.

Hata ile 100 mnayoimba, kuwa ndiyo nyuzi za maji kuchemka, ni ya usawa wa bahari. Mjomba wangu alikuwa mpagazi mlimani. Kwenye kambi ya Kibo, mita 4,720, kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, imeshuka na maji yanachemka kwenye nyuzi 85 hivi. Maharage yanatokota, hayaivi. Ongeza moto utakavyo, utamaliza gesi tu.

Sasa wewe mdogo wangu unaniomba mbinu za kukariri! Watoto wa siku hizi mnataka nondo za kumeza usiku wa kuamkia mtihani. Shika kitu mkononi. Kitazame, kipime, kichanganye, ndipo ufungue kitabu. Huamini kwamba hewa inachukua nafasi? Kandamiza karatasi kavu kwenye kitako cha glasi, igeuze, izamishe wima kwenye ndoo ya maji. Karatasi itatoka kavu. Huna maabara? Una jiko. Mimi sikuwa na maabara wala jiko la maana, nilikuwa na dumu. Nasema tena, shika kitu mkononi, na mzazi unayesoma, mwache mtoto achafue sufuria mbili tatu.

Hayo ndiyo niliyomwandikia, nikaongeza jaribio la yai: katika maji matupu linazama, endelea kukoroga chumvi mpaka lielee.

Jana usiku amenitumia video. Yai linaelea ndani ya jagi la plastiki, kichwa kiko nje kidogo. Nyuma inasikika sauti ya mama yake akiuliza nani kamaliza chumvi.