Kabla hujazungusha dishi

Hapa kwetu Tanga picha ikianza chenga, neno la kwanza ni "dishi limehama." Nimewalipa mafundi wawili, kila mmoja kwa siku yake, wazungushe dishi ambalo halikuwa limehama hata kidogo.

Ajabu ni kwamba taarifa ya habari ilikuwa safi. Nikihamia chaneli ya katuni, vijumba vijumba, picha inaganda, sauti inakwaruza, watoto wananiangalia mimi. Dishi likihama kweli, kwa kawaida huumia zote. Hapo ndipo ningeshtuka.

King'amuzi hupandisha umeme mdogo juu kwa waya uleule unaoshusha picha. Kwa madishi mengi madogo, volti 13 huiambia LNB, kile kichwa cha dishi, ipokee mawimbi ya wima. Volti 18, ya mlalo. Waya ukiwa mrefu mno au koneka ikishika kutu, ile 18 hufika juu imechoka, na chaneli za mlalo, kama ile ya katuni, ndizo zinazoumia.

Siku niliyopanda mwenyewe, nilipofungua koneka ya LNB lilidondoka tone la maji. Uzi wa katikati ulikuwa umeota kijani, ukiugusa unamong'onyoka. Chumvi ya bahari haina adabu. Nikakata kipande cha waya cha urefu wa kiganja, nikafunga koneka mpya, nikaizungushia utepe. Chini yake nikauachia waya tumbo kidogo, maji ya mvua yadondokee hapo badala ya kuingia ndani. Ila chomoa king'amuzi kwenye umeme kwanza. Uzi ule wa katikati ukigusana na wavu wa chuma ulio ndani ya waya, unaweza kukiunguza.

Mvua kubwa ni habari nyingine. Mawimbi ya Ku, yale yanayotumiwa na madishi haya madogo, hunyonywa na matone, subiri ipite. Na kama karibu na Machi au Septemba picha inapotea dakika chache mchana, saa ileile siku kadhaa mfululizo, ni jua limepita nyuma ya satelaiti. Usiguse kitu.

Kwenye menyu ya king'amuzi tazama ubora wa mawimbi, usidanganywe na nguvu yake. Juzi kwangu nguvu imetulia, ubora unapanda na kushuka kila upepo ukivuma. Koneka nimekagua, nzima. Ni mwembe wa jirani, umefika kwenye njia ya dishi. Mzee mwenye mwembe anasema tusubiri msimu wa maembe uishe.