Je, mkufunzi anaruhusiwa kumpiga kuruta?

SWALI: Mhariri, mwanangu anafunzwa kambi ya Parris Island, Kikosi cha Marine cha Marekani. Je, mkufunzi wa gwaride aweza kumpiga?

JIBU: Hapana, mzazi wetu. Mkufunzi humgusa kuruta kwa sababu chache tu, kama vile kumsahihisha mkao, kumrekebishia vifaa au kumwepusha na ajali. Kumpiga au kumtukana ni kosa la kijeshi. Kanuni hizo zilikazwa baada ya msiba mchungu: usiku wa tarehe 8 Aprili 1956, mkufunzi mmoja aliwaingiza makuruta wake gizani katika kijito cha Ribbon Creek, na 6 wakafa maji. Kufokewa atafokewa, tena uso kwa uso. Akipigwa, ana haki ya kuomba kumwona kamanda wake.