Nimekatwa vidole kazini, nitie saini karatasi ya mkandarasi?

SWALI: Assalaam alaykum, Mshauri. Mimi ni saidia fundi, mwenyeji wa Konde, Pemba, na nilikuwa nikifanya kazi kwenye ujenzi wa hoteli huko Nungwi. Wiki tatu zilizopita mashine ya kukatia nondo, ambayo kinga yake ilikuwa imeshatolewa, ilinikata vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha shahada na cha kati. Nilishonwa kituo cha afya cha karibu na mkandarasi akalipa. Nimerudi nyumbani na vidonda vimefunga, lakini kidole cha shahada hakikunjiki. Sasa ananitaka nipokee shilingi laki tatu na nitie saini kwamba sina madai tena. Sina mkataba wa maandishi. Ndugu yangu aliyeko Dar es Salaam ananishauri niende WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Nifanye nini?

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yetu, na Mwenyezi Mungu akuafu. Karatasi hiyo usiitie saini kwa sasa, kwa sababu hakuna anayejua bado ni kiasi gani cha mkono wako kimepotea, si wewe wala yeye.

Anza na kidole. Weka mkono mezani, kiganja kikiangalia juu, ishikilie pingili ya kati ya kidole cha shahada isisogee, kisha jaribu kukunja ncha yake peke yake. Ikiwa ncha haitikisiki kabisa, yumkini kano inayoivuta imekatika, na nyuzi zilizoshona ngozi haziwezi kuirejesha. Gusa pia pande zote mbili za kidole kwa pamba, kwani ganzi ya upande mmoja huashiria kuwa mshipa wa fahamu umeguswa. Kano iliyokatika hujivuta kuelekea kiganjani, na kadiri siku zinavyopita ndivyo kuiunganisha moja kwa moja kunavyokuwa kugumu, kwa hiyo usingoje shauri la fedha limalizike. Nenda wiki hii hii Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, uombe kuonwa na daktari wa upasuaji wa mifupa, na ikibidi akupe barua ya kwenda Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja. Hata kama kano ni nzima na viungo vimekakamaa tu, utahitaji mazoezi chini ya mtaalamu kwa miezi kadhaa, jambo ambalo laki tatu hazikulizingatia hata kidogo.

Kuhusu haki yako, ndugu yako amekushauri kwa nia njema, lakini WCF, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2008, inahudumia Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za kazi, ikiwemo Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005 na sheria yake ya fidia kwa wafanyakazi, na malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Kazi. Kwa kuwa uko nyumbani, anzia ofisi ya Pemba ya wizara inayoshughulikia kazi. Kukosa mkataba wa maandishi hakufuti ukweli kwamba ulikuwa ukifanya kazi kwa malipo chini ya amri ya mtu. Ujumbe wa simu wa kutumiwa ujira, majina ya mafundi mliokuwa pamoja, cheti cha matibabu ya siku ile na picha ya mashine, vyote hivyo ni ushahidi.

Ukiambiwa kuwa ulizembea, usivunjike moyo. Fidia ya ajali za kazini kwa kawaida haimtaki mfanyakazi athibitishe kwanza kosa la mwajiri, na kiwango chake hufuata ulemavu wa kudumu ambao daktari ameukadiria baada ya matibabu. Suala la kinga iliyotolewa lieleze peke yake, kwani Sheria ya Usalama na Afya Kazini Namba 8 ya 2005 inamtwika mwajiri jukumu la kuwalinda wafanyakazi wake, na inanisikitisha kwamba huenda wenzako bado wanakatia nondo kwa mashine ile ile. Mwambie mkandarasi, kwa maandishi na kwa heshima, kwamba unasubiri taarifa ya daktari. Ikiwa atakupa fedha za matibabu na nauli, zipokee, lakini stakabadhi iandikwe wazi kuwa ni za matibabu na nauli, nawe ubaki na nakala yake.