Kukandwa kwa maumivu ya kichwa ya muda mrefu: yaliyonifaa na yaliyonitia hofu

Ndugu yetu ameuliza kama kukandwa kienyeji kunaweza kumpunguzia maumivu ya kichwa yaliyomsumbua kwa miezi mingi. Niliishi na hali hiyo karibu miaka miwili, na jibu langu ni kwamba kunasaidia, iwapo maumivu hayo chanzo chake ni shingo.

Kichwa changu kilibana kama kilichofungwa kamba, kuanzia kwenye paji la uso hadi kisogoni, zaidi ya siku 15 kila mwezi. Daktari alinipima shinikizo la damu na macho, akaniambia kwamba ni misuli iliyokaza. Aliyenionyesha misuli yenyewe ni mama mmoja mkandaji, mtu mzima, ambaye wala hakuanza na kichwa. Alinilaza kifudifudi, akanipaka mafuta ya uvuguvugu mabegani, akapanda taratibu kwa vidole gumba mpaka pale fuvu linapokutana na shingo. Alipobonyeza hapo, maumivu yakaruka hadi nyuma ya jicho la kulia, yale yale niliyoyazoea. Hakusugua, alitulia na kidole chake mpaka nikahisi kinundu kinalegea. Baadaye nilielewa sababu: mishipa ya fahamu ya shingo ya juu na ile ya uso hupeleka taarifa mahali pamoja kwenye shina la ubongo, hivyo kinachouma shingoni huweza kusikika usoni.

Nilikandwa mara mbili kwa wiki kwa wiki sita, na siku za maumivu zikashuka hadi tano au sita kwa mwezi. Sifa zote si za mkono wa mama yule, kwa sababu wakati huo huo daktari aliniachisha vidonge vya kutuliza maumivu nilivyokuwa nikimeza karibu kila siku. Vidonge hivyo vikitumiwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa miezi kadhaa, vyenyewe huleta maumivu ya kichwa.

Tafadhali sana, usikubali mtu akuzungushe shingo kwa nguvu mpaka ilie. Mkandaji mwingine alinifanyia hivyo, nikashikwa na kizunguzungu siku mbili. Mishipa ya damu ya shingo inaweza kuchanika ndani na kusababisha kiharusi.

Vilevile, maumivu makali yaliyoanza ghafla, au maumivu yanayoambatana na homa na shingo kukakamaa, udhaifu wa upande mmoja au kupungua kwa uwezo wa kuona, au yaliyofuata kuumia kichwa, ni ya kukimbizwa hospitali mara moja.

Kama daktari ameshakuhakikishia kwamba huna hatari hizo, mwombe mkandaji aanze mabegani, uandike kila jioni kama kichwa kimeuma au hakikuuma, na baada ya wiki sita, ikiwa siku za maumivu hazijapungua, acha na urudi kwa daktari ukiwa na daftari lako.