Kabla ya Masters 2026: namna ninavyomchagua mtu wangu

Masters, mashindano makubwa ya gofu, inaanza Alhamisi tarehe 9 Aprili huko Augusta, Georgia, Marekani, na tangu Machi iingie marafiki wananiuliza swali moja tu: mwaka huu nani? Wengi huwa wameshajijibu kabla sijafungua mdomo. Wanataja jina walilolisikia mwisho kwenye taarifa ya michezo. Mimi huanza na uwanja, majina huja baadaye. Kati ya mashindano manne makuu ya gofu ya wanaume, Masters ndiyo pekee inayochezwa mahali pale pale kila mwaka. Mengine matatu huhamahama. Kwa hiyo yaliyotokea Augusta miaka iliyopita yanakusaidia kweli kukisia yajayo.

Chukua shimo la 12. Ni fupi, yadi 155, umbali ambao wanachama wengi wa vilabu vyetu vya Nairobi huufikia bila shida. Lakini grini yake, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo na bendera yake, ni nyembamba na imekaa mshazari, kijito cha Rae's Creek kinapita mbele yake, na upepo wa pale bondeni hugeuka ghafla kati ya miti. Mwaka 2016 Jordan Spieth alifika hapo Jumapili akiwa bado anaongoza. Akatumbukiza mipira miwili majini, akaandika 7 kwenye shimo la mapigo 3, na Danny Willett ndiye aliyevalishwa koti la kijani la bingwa.

Miaka mitatu baadaye nilikaa nikitazama tena shimo hilo hilo. Brooks Koepka na Ian Poulter, waliokuwa kundi la mbele, majini. Francesco Molinari aliyekuwa kinara, majini. Tony Finau, majini. Tiger Woods alikuwa na Molinari na Finau kundi moja, naye hakuitazama bendera kabisa. Aliupeleka mpira upande salama wa grini, mbali na bendera, akachukua 3 zake akaendelea na safari. Siku hiyo alitwaa koti lake la tano akiwa na miaka 43. Tangu hapo, kabla sijamchagua mtu hujiuliza: huyu, akiwa na njaa ya ushindi na dunia nzima inamtazama, anaweza kuiacha bendera ile?

Swali hilo huwaondoa wengi kwenye orodha yangu. Wageni nao huondoka mapema. Mtu wa mwisho kushinda Masters katika safari yake ya kwanza ni Fuzzy Zoeller, mwaka 1979. Kipaji anaweza kuwa nacho mgeni, tena tele, ila grini za Augusta zina miinamo inayotaka kuzoewa. Mpira unaotua hatua mbili tu upande usiofaa unaweza kuteremka hadi nje ya grini kabisa. Basi ninapofuatilia mashindano ya Februari na Machi sihangaiki na nani anapiga mbali zaidi. Naangalia pigo la kuingia kwenye grini. Je, mpira unatua chini ya shimo, mahali ambapo pigo linalofuata litakuwa la kupandisha? Mchezaji anayefanya hivyo wiki baada ya wiki, hata asiposhinda popote, namwandika.

Jicho la kuona hayo sikulipata kwenye televisheni. Kamera huubapaza mlima ukaonekana kama meza. Nililipata hapa nyumbani, kwenye Kenya Open, na huu ndio ushauri ninaousisitiza kuliko wote: mashindano yakija kwenye viwanja vya Muthaiga au Karen, usimfuate nyota mmoja mashimo yote 18. Chagua grini moja, kaa kivulini asubuhi nzima, utazame makundi yakipita. Baada ya muda utajua mpira umeharibika ukiwa ungali hewani. Kaa karibu na makedi, wabeba mifuko ya wachezaji, wasio na kazi siku hiyo, uwasikilize. Wanausoma mwinamo kuliko mchambuzi yeyote ninayemjua. Jambo moja tu usilibebe kutoka Nairobi, nalo ni umbali. Tuko juu sana, hewa ni nyepesi na mpira unaruka kupita kawaida, kwa hiyo anayeonekana kuwa na nguvu za ajabu hapa huenda Augusta akawa wa kawaida.

Na asikwambie mtu kwamba Augusta haituhusu. Seve Ballesteros alishinda Kenya Open mwaka 1978, akavaa koti la kijani mwaka 1980 na 1983. Ian Woosnam alishinda hapa 1986, kule 1991. Trevor Immelman wa Afrika Kusini, hapa 2000, kule 2008. Mabingwa watatu wa Masters walishinda kwanza kwenye nyasi zetu, na hilo hunipa raha kubwa kila Aprili.

Jambo jingine: usimfute mtu siku ya Alhamisi. Mwaka 2025 Rory McIlroy alimaliza raundi ya kwanza kwa mapigo 72 baada ya kuharibu shimo la 15 na la 17, na watu wakasema ndio hivyo tena. Akarudi na 66, kisha 66 nyingine. Jumapili alianza kwa kupoteza mapigo mawili shimo la kwanza, akautia mpira kijitoni shimo la 13, akakosa pigo fupi la ushindi shimo la 18, na bado akamshinda Justin Rose kwenye shimo la ziada. Akawa mtu wa sita kukamilisha mataji yote manne makuu, baada ya karibu miaka 11 bila hata moja. Nilipiga kelele nikaamsha nyumba nzima.

Nampenda Rory, lakini simchagui kutetea taji. Hadi mwaka 2025, waliowahi kulishinda miaka miwili mfululizo walikuwa watatu tu: Jack Nicklaus, Nick Faldo na Woods.

Wangu ni Scottie Scheffler. Ana makoti ya 2022 na 2024, alikuwa kumi bora 2023, wa nne 2025, na hakuna anayenipa imani kubwa zaidi katika pigo lile la kuingia kwenye grini. Nyuma yake namweka Ludvig Åberg, ambaye safari yake ya kwanza mwaka 2024 alimaliza wa pili na mwaka uliofuata akawa wa saba. Hajaogopeshwa na mahali pale. Moyo wangu, hata hivyo, uko kwa Rose. Ameshapoteza Masters mara mbili kwenye mashimo ya ziada, 2017 na 2025, na ana miaka 45. Akishinda atakuwa bingwa wa pili kwa umri baada ya Nicklaus, aliyekuwa na 46 mwaka 1986. Nitamshangilia kila pigo.

Kwa mtazamaji wa Afrika Mashariki, vinara huanza Jumapili yapata saa tatu na nusu usiku wetu na humaliza karibu saa nane. Kama Jumatatu una kazi na huwezi kukesha, lala jioni, utege kengele saa sita kasorobo. Wakati huo vinara watakuwa wanakaribia shimo la 12. Natabiri Scheffler atapita hapo kwa 3, bila kuilenga bendera, na atamaliza mapigo 12 chini ya kiwango, mbele ya Åberg kwa mapigo mawili.