Nyumba mpya Malindi: onja maji ya kisima kabla ya kutoa pesa

Ndugu, umeuliza kuhusu nyumba ya vyumba vitatu upande wa Casuarina, imemalizwa juzi, haijakaliwa, na mwenyewe anataka pesa kabla mwezi haujaisha. Rangi na taili usiziangalie kwanza, maana nyumba iliyopakwa jana haikosi kupendeza. Hapa kwetu nyumba mpya ina maadui wawili: ardhi isiyokuwa ya muuzaji, na chumvi iliyoingia wakati wa kujenga.

Ardhi kwanza. Pwani tuna nyumba bila ardhi: kuta na paa ni za mtu, kiwanja ni cha mwingine, naye hulipwa kodi ya ardhi. Si haramu, watu wameishi hivyo vizazi na vizazi, ila bei yake haiwezi kuwa sawa na ya nyumba yenye hatimiliki. Omba nakala ya hatimiliki, kisha ufanye sachi, yaani upekuzi wa rekodi katika ofisi ya ardhi, wewe au wakili wako. Sachi iliyoletwa na dalali mrudishie, hata ikiwa na muhuri. Tazama jina la mmiliki, ukubwa wa kiwanja, rehani ya benki na vizuizi. Halafu mpima ardhi aoneshe bikoni, yaani alama za mipaka, zilipo, kwa sababu kwenye viwanja vilivyokatwa kutoka shamba moja, ukuta wa ua huingia kwa jirani bila mtu kujua. Ikiwa ardhi bado ni ya kilimo, lazima kuwe na kibali cha bodi ya kudhibiti ardhi. Arubuni kwa kawaida ni asilimia 10, na ikae kwa wakili, si mfukoni mwa muuzaji. Ushuru wa stempu ni juu yako: asilimia 4 mjini, 2 mashambani.

Sasa chumvi. Simiti nzuri huvilinda vyuma vilivyo ndani yake. Zege likikorogwa kwa mchanga wa ufuoni au maji ya chumvi, kinga hiyo huvunjika na chuma huanza kula kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hivyo hulipasua zege kutoka ndani. Mwaka wa kwanza huenda usione kitu. Kwa hivyo fanya upelelezi: onja maji ya kisima cha pale kiwanjani, kisha uliza mfereji uliunganishwa lini na uone bili ya kwanza. Kama kisima ni cha chumvi na mfereji ulikuja baada ya slebu, lile bapa la zege, kumwagwa, umeshajua zege lilikorogwa kwa maji gani, isipokuwa wakuoneshe risiti za bauza, lori la kuleta maji.

Baadaye chukua tochi, jioni ndiyo wakati mzuri, uimulike slebu ya baraza kwa chini huku mwanga ukiwa wa kando. Ufa wa nywele usio na mpangilio mara nyingi ni plasta tu. Ufa ulionyooka, unaofuata chuma, wenye alama ya rangi ya chai, huo ndio ugonjwa. Tazama pia vibaraza vya juu ya madirisha yanayoelekea baharini, na nguzo za tangi.

Kwenye kuta pitisha kiganja kutoka sakafuni hadi magotini. Ukipata unga mweupe au rangi iliyofura, unyevu unapanda kutoka chini: karatasi ya kuzuia unyevu haikuwekwa au ilitobolewa, na mawe yetu ya matumbawe hunyonya maji kama sponji.

Paa la slebu usiliamini kwa macho. Ziba mifereji yake kwa matambara, jaza maji kina cha sentimita 5, uyaache siku nzima, kisha ukague dari. Kama ni mabati, uliza geji, yaani kipimo cha unene wa bati: 28 ni nene kuliko 30, ingawa namba yake ni ndogo, na karibu na bahari kutu huanzia kwenye misumari na kingo zilizokatwa. Makuti ni hesabu nyingine, yanabadilishwa kila baada ya miaka kadhaa. Weka gharama hiyo akilini.

Bafuni mwaga ndoo moja uone maji yanakimbilia wapi. Gonga taili kwa sarafu. Inayolia tupu itang'oka. Shimo la maji machafu liwe mbali na kisima, mita 30 ukiweza, kwa sababu mwamba wa matumbawe una vinyweleo na hauchuji vizuri kama udongo.

Mkataba uandike kwamba asilimia 5 ya bei inabaki kwa wakili miezi sita, na miezi hiyo ipitie masika. Akikataa, muombe bei ishuke kwa kiasi hichohicho, na kama ataikataa hiyo pia, mwezi wake na uishe.